Si kila homa ni taifodi, na choo chetu kiko karibu sana na kisima

Kwa Mhariri,

Salaam aleikum wewe na wasomaji wote. Mimi ni mama wa hapa Kisauni, kazi yangu ni upishi wa shughuli, ukiwa na harusi au hitma au maulidi, wageni 50 au 500, waniita mimi na wenzangu twaja na masufuria yetu. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta manake jambo lenyewe ni la chooni na sisi watu wa pwani twaona haya kulitaja mbele za watu, lakini baada ya yale niliyoyaona kwa mtoto wa ndugu yangu nimeona haya yangu haimsaidii mtu, kwa hivyo naomba nafasi ata kama maneno yatakuwa marefu.

Mtoto mwenyewe ni msichana wa miaka 8. Ilianza na homa, usiku yapanda asubuhi yashuka, tumbo la chini lauma, chakula hataki. Mamake akampeleka maabara moja ya mtaani, akatolewa damu, nusu saa haijafika akaambiwa ni taifodi, akapewa antibayotiki za siku 5 na akapoa. Baada ya wiki 6 hivi homa ikarudi. Wakaenda tena, taifodi tena, dawa nyengine kali kuliko ile. Mara ya tatu walikuwa washazoea, hawakwenda ata kupima, walikwenda moja kwa moja kwa kemisti wakataja jina la dawa wakauziwa. Hii mara ya tatu ndiyo mtoto alianza kutapika na kulia mgongo, huku ubavuni chini ya mbavu, na usiku wa saa nne tukampakia kwa tuktuk hadi hospitali kubwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana mdogo tu, na jambo la kwanza alilofanya ni kumuuliza mtoto mwenyewe, si sisi watu wazima tuliokuwa twaongea wote kwa pamoja. "Mwanangu, ukikojoa kwauma?" Mtoto akainamisha kichwa akasema ndio, kwauma siku nyingi, lakini aliona haya kumwambia mama. Mimi hapo nilikaa chini. Miezi yote ile, damu imetolewa, pesa zimetoka, na hakuna mtu aliyeuliza swali hilo moja. Mkojo ukachukuliwa ukapelekwa maabara kuoteshwa, baada ya siku 2 majibu yakaja, kilichoota ni E. coli, bakteria wa tumboni, na ashafika kwenye figo. Na zile dawa mbili alizokuwa akimezeshwa, maabara iliwajaribu hao wadudu nazo na hazikuwafanya kitu. Ikabidi sindano za kwenye mshipa, siku 7 kitandani.

Sasa nilimuuliza yule daktari, huyu mdudu ametoka wapi, tumempa nini huyu mtoto? Akaniambia hamjampa kitu, ni wake mwenyewe, alikuwa tumboni mwake. Nikaona kama anizungusha, akavuta kiti akanieleza taratibu na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma kila nikipata nafasi.

Ni hivi. Matumbo yetu yamejaa bakteria, hesabu ya wanasayansi ni kama trilioni 38 kwa mtu mzima mmoja, wengi wao wako kwenye utumbo mpana, na wengi hawana ubaya wowote. Wanatusaidia kuvunja chakula tusichoweza kukivunja sisi wenyewe, wengine watutengenezea vitamini K ile inayosaidia damu kuganda ukijikata, na kwa kukaa kwao pale wamejaza nafasi, mgeni mbaya akija hapati pa kukaa. Huyo E. coli aligunduliwa 1885 na daktari wa watoto anayeitwa Theodor Escherich, alimwona kwenye vinyesi vya watoto wachanga wazima kabisa, yaani si mdudu wa ugonjwa kwa asili yake. Maji yakiwa chini ya dau yalibeba dau, yakiingia ndani yalizamisha, na maji ni yale yale. E. coli akikaa utumboni ni mkaazi, akiingia kwenye njia ya mkojo ni ugonjwa, na utumbo au kidole tumbo kikipasuka wadudu hao hao wakamwagika ndani ya tumbo au wakaingia kwenye damu mtu aweza kufa kwa siku chache.

Na kwa nini ni wasichana na wanawake zaidi? Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4 tu, ya mwanamume yafika 20, na yetu iko jirani kabisa na tundu la nyuma. Mdudu hana safari. Tena E. coli wa aina hii wana vinyweleo kama ndoana wanavyojishikilia navyo kwenye ngozi ya ndani ya kibofu, mkojo ukipita haumtoi. Maradhi mengi ya njia ya mkojo, haya watu wanayaita UTI, asilimia 75 na zaidi yaletwa na huyu huyu E. coli.

Basi nije kwenye lile la haya. Sisi hapa twachamba kwa maji alhamdulillahi, na maji yasafisha kuliko karatasi, lakini je tumewafundisha watoto wetu mkono waenda upande gani? Mtoto akichamba kwa kuvuta kutoka nyuma kuja mbele amekichukua kinyesi akakileta mlangoni pa mkojo. Ni mbele kwenda nyuma, kila mara, halafu mkono waoshwa kwa sabuni, si kumwagiwa maji tu. Nilimuuliza mpwa wangu akanionyesha anavyofanya na ilikuwa kinyume. Hakuna aliyemfundisha, mamake alifikiri nyanya yake amemfundisha na nyanya alifikiri mamake. Mama zetu nawaomba msione haya, mfundisheni mtoto akiwa na miaka 3, 4, anapoanza kwenda chooni peke yake, na mwalimu wa madrasa anapofundisha istinja azungumze na hilo pia, halimpunguzii heshima.

Na kuna jambo jengine yule mtoto alisema likanichoma. Alisema shuleni haendi chooni. Atoka nyumbani saa kumi na mbili unusu asubuhi mpaka alasiri hajakojoa, manake choo cha shule ni kichafu, mlango haufungi, maji hakuna, wavulana wapita pale. Na kwa sababu hataki kwenda chooni hanywi maji, na jua letu hili la Mombasa mwajua. Mkojo ukikaa kibofuni masaa yote hayo, wadudu wachache waliofika pale wapata nafasi ya kuzaana bila kusafishwa. Kwa hivyo mkiwalaumu watoto kwa kutokunywa maji angalieni kwanza choo walichopewa. Shule sitaitaja, lakini kama wewe ni mzazi nenda siku moja uombe kuingia kwenye choo cha wanafunzi, si cha walimu.

Kwa wanawake waliokomaa, maji ya kunywa kwa wingi, usibane mkojo, na ukimaliza tendo la ndoa nenda ukakojoe. Na wenye mimba wasikose kupimwa mkojo kliniki manake kwa mjamzito hata ukiwa husikii maumivu wadudu waweza kuwa wako, na waweza kupanda kwenye figo ukazaa kabla ya siku.

Tuje kwenye taifodi. Sisemi taifodi hakuna, iko na yaua. Lakini mtaani kwetu kila homa imekuwa taifodi, ukienda na homa, ukienda na kichwa, ukienda na uchovu tu wa kazi, waambiwa "una taifodi kidogo". Kile kipimo cha haraka cha damu wanachotumia sehemu nyingi, cha Widal, ni cha tangu 1896, na hakimtafuti mdudu mwenyewe, chatafuta alama za mwili kupigana naye, na alama hizo zaweza kuwa ni za zamani, au ni za mdudu mwengine anayefanana naye. Kwa hivyo mtu asiye na taifodi kabisa aweza kuambiwa anayo. Kipimo cha kuaminika ni damu kuoteshwa maabara kabla hujameza antibayotiki, chachukua siku kadhaa na chagharimu zaidi, najua, lakini hebu hesabuni pesa ambazo ndugu yangu alitumia mara tatu kwa ugonjwa ambao mtoto hakuwa nao. Angalau ulizeni, daktari, na mkojo tupime?

Taifodi yenyewe mdudu wake ni Salmonella Typhi na hakai kwa mnyama yeyote, akaa kwa binadamu peke yake. Maana yake, na hapa ndipo nilipotaka kufika, ukiugua taifodi ujue umekula au umekunywa kinyesi cha mtu, au mkojo wake. Nimeliandika hivyo kwa makusudi. Twasema "maji machafu", "chakula kibaya", "uchafu", twazunguka zunguka, na kwa sababu hatutaji jina la kitu chenyewe hatuoni kilipotokea. Ni mavi. Kipindupindu ni hivyo hivyo, kuhara damu kwa Shigella ni hivyo hivyo, na huyo Shigella wadudu 10 mpaka 100 tu wamtosha mtu kuugua, yaani ni kitu ambacho jicho haliwezi kukiona kwenye kucha.

Kama mpishi kuna hadithi moja ya kweli ambayo sikulala niliposoma. Kulikuwa na mpishi wa kike New York, Mary Mallon, afya nzuri, hana homa hana kitu, na karibu kila nyumba aliyopika watu waliugua taifodi. 1907 ndipo walipomshika wakampima wakakuta wadudu wako kwenye choo chake. Kuna watu wapona taifodi, au waipata bila kuugua sana, halafu mdudu abaki kwenye mfuko wa nyongo miaka na miaka, atoka kidogo kidogo. Alimaliza zaidi ya miaka 20 ametengwa kisiwani mpaka akafa 1938. Namwonea huruma, hakuelewa wamtaka nini kwani yeye alikuwa hajisikii mgonjwa. Lakini mimi nilijiuliza, katika wenzangu 6 ninaopika nao, na mimi mwenyewe, ni nani ajuaye? Ndio maana sheria yataka anayeshika chakula cha watu apimwe kila baada ya miezi 6 apate cheti. Kuna mtu aliwahi kuniambia nimpe pesa kidogo cheti kije bila kupimwa, nikakataa, na nawaomba wenzangu wa viazi karai, wa bajia, wa mahamri, wa juisi ya miwa, msikubali. Pale twabeba watoto wa watu.

Na kwa taifodi sasa kuna chanjo, serikali iliileta 2025 kwa watoto kuanzia miezi 9, mwenye mtoto hajapata aulize kliniki.

Sasa kisima. Ploti tunayokaa ina vyumba 14, vyoo vya shimo 2 na kisima kimoja. Nilihesabu hatua zangu kutoka choo hadi kisima ni 12. Wataalamu wa afya hutaka angalau mita 30 hivi, na hapo ni kwenye udongo wa kawaida, manake udongo huchuja. Mombasa yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, fundi yeyote aliyechimba shimo atakwambia, mawe yana matundu na nyufa kama sifongo, maji ya chooni hayachujwi, yatafuta ufa yaingia. Mvua za masika zikija maji ya chini yapanda, kisima na choo vyawa kitu kimoja. Mwaka jana masika, ndani ya wiki moja, watoto 7 wa ploti yetu waliendesha, yaani waliharisha. Landilodi alipoambiwa alisema maji ya kisima chake ni matamu na yang'ara. Ni kweli yang'ara! E. coli haonekani wala hana ladha, glasi ya maji yaweza kuwa na maelfu ukaiona safi kama ya mvua.

Mtasema tumieni maji ya mfereji. Maji ya mfereji yatoka mbali, Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na Baricho, na Marere, na hayatoshi mji huu, kwetu huja mara moja kwa wiki na wiki nyengine hayaji. Tunabaki na wa mikokoteni, mtungi wa lita 20, na mwenye mkokoteni ukimuuliza ameteka wapi atakwambia mferejini na huna pa kuhakikisha. Kwa hivyo kila maji ya kunywa yanayoingia nyumbani kwangu nayahesabu kuwa ni ya kisima. Yachemke mpaka yabubujike vizuri dakika moja, yatosha, si lazima uyachemshe nusu saa umalize makaa. Makaa yakiwa ghali kuna dawa ya klorini, ya chupa au ya vidonge, wapima kama ilivyoandikwa na wangoja nusu saa, ila maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa manake tope yaila dawa. Na kama huna ata hiyo, chupa ya plastiki inayoangaza, ijaze maji yasiyo na tope ilaze juu ya bati masaa 6 ya jua kali, kukiwa na mawingu iache siku 2 nzima, jua lenyewe laua. Na jua tunalo.

Lakini yakishakuwa safi usiyaharibu. Nyumba ngapi maji yamechemshwa halafu ndoo iko wazi na kila mtoto achovya kikombe na vidole vyake ndani? Weka kwenye chombo cha mdomo mwembamba au chenye bomba.

Mtoto akishaanza kuendesha, tafadhali msikimbilie Flagyl, ile antibayotiki ya tumbo. Hii nimeikuta nyumba kwa nyumba, tumbo likigeuka tu vidonge viwili vya Flagyl, vimebaki kabatini tangu mwaka gani. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo ni virusi na antibayotiki haimgusi virusi ata kidogo. Kitu itakachofanya ni kuua wale wakaazi wazuri niliowataja juu, nafasi ibaki wazi, na yule mbaya aliyekuwa amebanwa kwenye kona ajitanue. Kuna mmoja aitwa Clostridioides difficile, kazi yake ndiyo hiyo, angoja antibayotiki ziwaondoe wenzake halafu aanze kumharisha mgonjwa vibaya sana, na mbegu zake sanitaiza haziziui, ni sabuni na maji yanayozitoa mkononi. Na wale wachache wanaookoka dawa uliyoimeza nusu ndio wanaozaana wakawa sugu. Alexander Fleming, yeye mwenyewe aliyegundua penisilini, alionya jambo hili 1945 alipokuwa akipokea tuzo ya Nobel, alisema mtu akijitibu na dozi ndogo isiyotosha atawafundisha wadudu kuizoea dawa. Sisi tumeliona kwenye figo za mtoto wa miaka 8.

Kinachomuua kwa haraka mtoto anayeendesha ni maji kumuishia mwilini. 1971 wakimbizi wa Bangladesh walipokuwa wakifa kwa kipindupindu kwenye kambi mpakani mwa India, dripu zikaisha, daktari mmoja Dilip Mahalanabis akachanganya sukari na chumvi kwenye mapipa ya maji akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4. Sukari na chumvi! Siri yake ni kwamba sukari ndiyo inayoibeba chumvi kuingia kwenye ukuta wa utumbo, na chumvi ikiingia maji yafuata, ata kama utumbo umeshambuliwa. Pakiti ya ORS, ile ya sukari na chumvi iliyopimwa tayari, ni bora na si ghali, na kliniki za serikali huitoa pamoja na vidonge vya zinki, mtoto wa miezi 6 na zaidi miligramu 20 kwa siku, mdogo zaidi ya hapo 10, kwa siku 10 mpaka 14 ata kama kuhara kushaacha. Usiku wa manane duka zimefungwa tengeneza mwenyewe, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha si vya kujaza mlima, chumvi ikizidi ni hatari. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika ngoja dakika 10 uanze tena. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na ukiona macho yameingia ndani, alia bila machozi, hajakojoa masaa mengi, amelegea, choo kina damu, au kinatoka kama maji ya kuoshea mchele, hapo usitengeneze chochote cha kukupotezea muda, mpeleke hospitali huku ukimnywesha njiani.

Hapo kwa choo chenye damu nisisitize kidogo. Kuna E. coli mmoja mkali, O157:H7, alijulikana 1982 kule Marekani kwa nyama ya kusaga isiyoiva, sumu yake yaharibu figo za watoto, na antibayotiki zaweza kuifanya sumu itoke zaidi. Kwa hivyo damu chooni si kesi ya kemisti. Na msidhani ni nyama tu. 2011 Ujerumani walikufa watu zaidi ya 50 kwa E. coli wa aina nyengine, na walipofuatilia wakakuta ni uwatu, huu huu wetu! Walikuwa wameuotesha wakala machipukizi yake mabichi kwenye saladi. Uwatu unaoupikia mzazi uji ukachemka vizuri hauna neno, moto umeshamaliza kazi. Kibichi ndicho cha kuogopa, na ndio maana kachumbari yangu naikata mwisho kabisa, kwenye kibao ambacho hakikuguswa na nyama, baada ya nyanya na vitunguu kuoshwa kwa maji ya kunywa.

Na pilau. Wenye shughuli huniambia anza mapema ikae tayari, wageni ni wa saa kumi. Nakataa. E. coli akipata chakula na joto kama la mchana wetu aweza kujigawa mara mbili kila dakika 20, mdudu mmoja kwa masaa 7 awa zaidi ya milioni 2. Wali wenyewe una mdudu wake mwengine, Bacillus cereus, mbegu zake zavumilia kupikwa, wali ukikaa uvuguvugu zaamka zatoa sumu ambayo ukipasha moto tena haitoki. Chakula kiwe cha moto wa kukuchoma au kiwe kwenye friji, hapo katikati kisikae zaidi ya masaa 2, na stima ikipotea usiku mzima usiionee huruma mishikaki.

Jambo moja wazee wetu walilifanya vizuri kuliko sisi ni kunawisha. Zamani kwenye shughuli alipita kijana na birika na tasa, kila mgeni amwagiwa maji yake mapya, machafu yaanguka kwenye tasa. Siku hizi naona beseni moja laletwa, la kwanza anawa babu, la mwisho mtu wa ishirini anawa mikono ya wote. Nimewaambia wenye shughuli wangu wote, birika irudi, na sabuni ipite nayo. Kunawa kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumtawaza mtoto na kabla ya kushika chakula kwapunguza kuhara karibu thuluthi, na ni sabuni ya kipande tu ya kawaida, hakuna haja ya ile ya bei.

Mpwa wangu sasa ni mzima, yuko gredi ya 3, ana chupa yake ya maji na kipande cha sabuni kwenye kijaluba anachokwenda nacho shule, na mamake ashazungumza na mwalimu aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote akiomba. Sisi wapangaji tumechanga, Jumamosi fundi aja kukijengea kisima ukuta na kukifunika kwa zege ili maji ya juu yasiingie. Lakini yale ya chini kutoka chooni hayazuiwi na mfuniko, hilo twalijua, na masika haiko mbali.

Kwa hivyo mhariri naomba barua hii iwafikie watu wa afya ya umma wa kaunti yetu na nina maswali mawili kwao. Visima vya Kisauni, Likoni, Changamwe na kwengineko vitapimwa lini kabla ya mvua, na majibu yabandikwe pale pale kisimani kila mtu ayaone? Na sisi wenyewe tukitaka kupeleka chupa ya maji yetu ikapimwe E. coli, tuipeleke ofisi gani, siku gani, na ni shilingi ngapi? Mtujibu kwenye gazeti hili hili tafadhali, ploti nzima twasoma nakala moja.

Mama mpishi,
Kisauni, Mombasa